Albamu ya Tatu ya Fundi wa Meno

Kwa mwaka mmoja na nusu nilimwacha mtu mzima aamini kwamba mama yake hakumsikia. Naliweka hilo mwanzoni ili msomaji asinipende bure. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nyingi, na nikiendelea kuinyoosha sitafika kwa mtu mwenyewe. Ni yeye ninayetaka kumweleza.

Tulimwita Fundi. Alitengeneza meno ya bandia kwenye kliniki moja ya Oud Metha, Dubai, katika chumba kisicho na dirisha, na nyumbani alipiga gitaa la umeme, muziki ule wa metali ambao ukiusikia kwa mara ya kwanza unadhani kuna mashine imeharibika. Alitoka Irani. Nilipomjua alikuwa ameshatoa albamu mbili bila kampuni, bila meneja, bila hata bendi. Mimi nilifanya kazi chumba kilichofuata chake. Niliosha vyombo vya madaktari wa meno, vioo vidogo, koleo, ndoano za kukwangulia, nikaviingiza kwenye mashine ya mvuke na kuvitoa vikiwa safi kuliko kitu chochote nilichowahi kugusa maishani. Kazi yangu ilikuwa kuondoa uchafu. Niliipenda kuliko inavyofaa.

Tulifahamiana kwa kelele. Nilikuwa nagonga ukingo wa trei kwa koleo mbili, tabia niliyoitoa Kitale, ambako nilijifunza kupiga dramu za kanisani kwa kumwangalia mpigaji mgongoni, kisha nikaendelea mwenyewe kwa simu na laptopu. Mlango ukafunguliwa. Mwanamume mwenye mvi kwenye ndevu na aproni iliyojaa vumbi la plasta akasimama pale.

"Nani anapiga saba?"

"Pole sir. Sitarudia."

"Sikukwambia pole. Nauliza nani anapiga saba. Watu wote hupiga nne."

Sikujua kwamba ni saba. Nilihesabu kwa vidole mbele yake, na kweli, kila mzunguko ulikuwa na mapigo saba. Akacheka. Kuanzia siku hiyo akaniita Mhandisi. Halima, dada wa Mombasa aliyekuwa mapokezi na tuliyekaa naye chumba kimoja, aliniambia nisivimbe kichwa, Wairani wote humwita kila mtu mhandisi, hata muuza vitunguu. Nilivimba kichwa hata hivyo.

Kati yetu tulizungumza Kiingereza cha kliniki, kilichochanganyika na yalla, yaani haya twende, na khalas, yaani basi. Hapa naandika kwa Kiswahili chetu. Jina la Fundi alilipata kwangu. Alipouliza maana yake nikamwambia ni mtu anayejua kazi ya mikono, akalirudia taratibu kama anayeonja mchuzi, akasema litafaa.

Mikono yake haikufanana. Wa kushoto ulikuwa na sugu kwenye ncha za vidole, ngumu kama kwato, kwa kubana nyuzi. Wa kulia ulikuwa laini na umepakwa mafuta, kwa sababu, alisema, nta ya meno haipendi ngozi kavu. Vile vipande vidogo vya kukwaruzia nyuzi, ambavyo wapigaji wengine hununua dukani, yeye alijitengenezea kwa mabaki ya plastiki ya waridi inayotumika kuwa ufizi. Alivisugua kwa mashine yake ya kazi mpaka ving'ae. Ukimwangalia akipiga, ungedhani ameshika kipande cha kinywa cha mtu.

"Wagonjwa wanatafunia pilau," aliniambia. "Mimi natafunia nyuzi."

Halima hakuuelewa muziki wake na hakujifanya kuuelewa. Nilipomsikilizisha wimbo mmoja alitoa kisikizi sikioni kama aliyeng'atwa.

"Chero, huyu bwana mpole vile, aingia kazini asalimia mpaka mfagiaji. Sasa akifika kwake achinja nini?"

Lakini walipendana kwa utani. Siku moja alimletea achari ya embe iliyotoka kwa mamake, na Fundi akainua kopo.

"Achari. Hilo neno letu. Na rangi ni yetu. Na pamba. Mababu zenu walitupora maneno, Halima khanom."

"Kupora!" Halima alishika kiuno. "Nyinyi ndio mlokuja kwetu, mkala, mkalala, mkaondoka mkasahau mizigo. Twawatunzia mpaka leo. Yafuateni basi, lakini lipeni ghala kwanza."

Fundi alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja, na mimi, ninayetaka kila kitu kikae pamoja, nilihangaika nayo. Siku nzima alitengeneza meno, na chai aliinywa kwa bonge la sukari lililobanwa kati ya meno yake ya mbele. Alipiga muziki wa kutikisa kuta lakini alimwomba mfagiaji asiwashe mashine ya kufyonza vumbi karibu na mlango wake, eti inamuumiza. Alisema dini aliiacha zamani, ila siku kumi za kwanza za Muharram hakugusa gitaa kabisa, alilifunika kwa shuka. Nilimuuliza, kama huamini, kwa nini? "Mama anaamini," akajibu, kana kwamba hayo ndiyo maelezo yote. Na la ajabu kuliko yote, kwa kila mgonjwa alimwaga viigizo viwili vya meno vya plasta, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba, kwa sababu kitu huanguka. Muziki wake aliuhifadhi kwenye diski moja tu, bila nakala. Nilimwambia ni hatari. Alisema viigizo ni vya watu, muziki ni wake.

Albamu yake ya kwanza aliirekodi kwao, kwenye ghala la unga la duka la mikate la rafiki yake, katika mji wa mbali na kwa mama yake. Magunia yalizuia sauti isitoke nje. Alisema unga uliingia kwenye gitaa na mpaka leo likifunguliwa linapiga chafya. Aliyekuwa akipiga dramu alihamia nchi nyingine, mwimbaji akaoa na kunyamaza, na Fundi akabaki na nyuzi. Ndiyo maana nyimbo zake hazina maneno. "Maneno yanaombewa ruhusa," alisema. "Gitaa linapita." Ya pili aliifanya hapa Dubai, Al Warqa, kwenye chumba cha dereva nyuma ya jumba la familia moja iliyompangisha. Kiyoyozi cha chumba kile kilikuwa kizee na kilinguruma, na mwezi wa nane huwezi kukizima. Basi aliteremsha nyuzi zote sita mpaka zikalingana na ule mngurumo. Albamu nzima iko chini ya sauti ya kawaida kwa kiasi kisicho na jina. Ukijaribu kupiga pamoja nayo kwa ala nyingine yoyote, hamuelewani.

Mimi ningemwita fundi wa viyoyozi. Yeye alirekebisha gitaa. Nadhani tofauti yetu yote iko hapo, ingawa nilichelewa kuiona.

Kanuni yake ilikuwa mara tatu. Kila kipande alikipiga mara tatu tu na kuchukua ya tatu, hata ikiwa na kosa. Ya kwanza, alisema, ni woga, ya pili ni maringo, ya tatu ni wewe. Nilikiri kwake kwamba mimi nimekuwa nikitengeneza wimbo mmoja wa dramu tangu nilipofika Dubai na haujaisha. Nilimwambia pia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu: kwamba sihifadhi toleo la zamani la kazi yangu. Kila nikirekebisha, nafuta la jana. Naogopa nikiliacha nitalirudia usiku na kuliona lilikuwa bora.

"Kwa hiyo huna jana," alisema.

"Nina leo tu."

"Mhandisi, hiyo si bidii. Hiyo ni kujikimbia."

Nilikasirika. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Na kulikuwa na arobaini. Akimaliza kurekodi gitaa za albamu, hakuzisikiliza kwa siku arobaini. Kwetu arobaini tunaijua kwa msiba, au kwa mama aliyejifungua. Yeye aliitumia kwa muziki. Alitaka kuikuta kazi yake kama mgeni anavyomkuta mgeni. Nyimbo tisa za albamu ya tatu zilipokwisha kurekodiwa, alinipa ile diski kwenye mfuko wa nguo uliokuwa na harufu ya nta.

"Weka dramu. Una siku arobaini. Mimi sitasikiliza, na wewe usiniambie kitu."

Kuna watu watakaoona hilo ni jambo dogo. Mimi sikula siku hiyo. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu chake kisichokwisha.

Nilifanya kazi kila asubuhi kabla ya zamu na kila Jumapili. Dramu ziliingia vizuri. Lakini nikisikiliza kwa makini nilisikia vitu. Penye mapumziko, gitaa linaponyamaza kidogo kabla ya kuanza tena, palikuwa na uchafu: sauti nyembamba kama ya redio ya jirani, kikohozi, vyombo vikigongana. Hata kwenye albamu mbili za kwanza nilikuwa nimeusikia uchafu wa namna hiyo na kumwonea huruma. Mtu mwenye kipaji hivi, nilijiambia, na hakuna aliyemsafishia.

Nikamsafishia. Sikutumia njia ya mkato. Nilikwenda pengo kwa pengo, nyimbo zote tisa. Kila sauti niliirudia mara thelathini, arobaini, nikitafuta mahali hasa inapoanzia na inapoishia, ili niitoe bila kujeruhi mkia wa sauti ya gitaa. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama niliwahi kuipata tena. Na kila nilipomaliza wimbo niliuhifadhi juu ya ule wa zamani, kama ninavyofanya siku zote. Kwenye diski yake. Ile moja.

Siku ya thelathini na nane Fundi alisimama mlangoni kwangu na glasi ya chai.

"Keshokutwa arobaini. Njoo Al Warqa asubuhi. Tutamsikia mama."

"Mama gani, sir?"

Akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaanza kunieleza kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake, uso wa mtoto anayetoboa siri. Kila anaporekodi humpigia mama yake na kuiacha simu wazi, kwa sauti ya juu, kwenye stuli karibu na spika. Yeye amevaa visikizi, hasikii kitu ila gitaa. Mama anasikiliza kule kwao, anazungumza, anaendelea na mambo yake, na maikrofoni inadaka kidogo. Wimbo ukiisha anavua visikizi, wanaagana kwa maneno mawili, basi. Hamuulizi kama alipenda. Anasubiri arobaini.

"Ni barua," alisema. "Albamu ya kwanza alikuwa anamuuliza mtu kama mchele umeiva. Ya pili aliniombea dua, dua nzuri sana, halafu akamtukana paka."

Nilikuwa nimeshaiona simu hiyo juu ya stuli, mara mbili. Nilidhani anaitumia kama saa.

Trei ilianguka. Vioo kumi na viwili vikatapakaa sakafuni. Nilipiga magoti kuviokota, na nikiwa chini pale, bila kumtazama, nilisema, "Inshallah, sir."

Siku mbili nilijaribu kila programu ya kurudisha mafaili. Hakuna kilichorudi. Halima aliniuliza mbona nimekuwa kama karatasi, nikamwambia yote, kwa sababu Halima humwezi.

"Mwambie."

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo. Wewe mbara wewe, wataka kuipiga pasi kwanza? Mwambie ikiwa na mikunjo yake!"

Jumapili nilikwenda Al Warqa nikiwa na maneno niliyoyaandika na kuyakariri. Chumba chake kilikuwa na kitanda, gitaa, spika, ile stuli. Alikuwa amenunua mkate wa ufuta. Aliunganisha diski, akaweka bonge la sukari kati ya meno, akamimina chai, wimbo wa kwanza ukaanza.

Ulikuwa mzuri. Nitalisema hilo na nisamehewe. Ulikuwa umenyooka kama kioo.

Penye pumziko la kwanza aliinua kidole, akasikiliza. Kimya. "Hapa hakusema kitu," alinong'ona. "Ngoja." Wimbo wa pili akainua kidole tena. Wa tatu pia. Wa tano kidole hakikuinuka. Chai ilipoa mkononi mwake. Wimbo wa tisa ulipoisha alichukua simu, akatafuta orodha ya simu za siku zile za kurekodi, akaniwekea mbele ya macho. Zote zilipokelewa. Nyingine zilidumu karibu saa nzima.

"Haikukatika," alisema.

Nikafungua mdomo.

"Dada yangu aliniambia masikio ya mama yanaondoka," akaendelea. "Nikamwambia anatia chumvi. Kumbe mama alikuwa ameshika simu tu. Saa nzima ameshika simu asiyoisikia, ili mimi nifurahi."

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Maneno niliyoyakariri yalikuwepo yote, kwa mpangilio. Kilichotoka ni hiki: "Dramu za wimbo wa nne, unaona ziko juu kidogo?"

Alinitazama kwa upole. Afadhali angenitukana.

"Dramu ziko sawa, Mhandisi. Safi sana."

Aliitoa albamu mtandaoni vile vile, na jina langu la utani likiandikwa penye dramu. Watu wa mbali waliisifu. Mmoja aliandika kwamba ni kazi yake safi kuliko zote, na Fundi akaniletea simu nisome, akidhani ananifurahisha. Hakumpigia tena mama yake akiwa na gitaa, wala hakumuuliza kitu, asije akamtia aibu. Alisema hakuna haja ya kumchosha mzee mkono. Baadaye gitaa lenyewe likakaa chini ya shuka, na haikuwa Muharram. Miezi ikapita, dada yake akamwambia kwamba sasa mama hasikii kabisa, hata ukimpigia kelele sikioni, na Fundi akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa habari ya zamani. "Watu watasema ni mimi na kelele zangu," alitania. Mimi nilicheka. Hebu fikiria, nilicheka.

Kila siku nilikusudia kumwambia kesho. Kila siku niliitengeneza sentensi vizuri zaidi. Hatimaye nilipata kazi kwenye mkahawa mmoja Jumeirah Lake Towers, chini ya jengo la ofisi, nikaondoka kliniki bila kumuaga. Nilimwachia Halima salamu azifikishe.

"Salamu zako nitazipeleka," Halima alisema, "lakini uoga wako nenda nao."

Fundi alinijia huko mkahawani asubuhi moja, wakati wateja wa ofisi wamekwisha kupungua. Sikumtambua mara moja bila vumbi la plasta. Alikuwa amekonda, amevaa shati la mikono mirefu lililopigwa pasi.

"Mhandisi. Halima amenielekeza."

Kliniki ilikuwa imenunua mashine inayochonga meno yenyewe kutoka kwenye picha ya kompyuta. Visa yake ilikuwa inafutwa. Wiki ile alikuwa anarudi kwao, kwa mama, na alikuja kuniaga kwa sababu, alisema, mimi sikujua kuaga na lazima mmoja wetu ajue. Alikuwa anaogopa kurudi. Alisema hivyo wazi, huku akizungusha glasi. Hakujua atakaa vipi na mama aliyekuwa akijifanya anamsikia. Angemwonyesha gitaa? Angepiga mbele yake, na yeye aangalie tu vidole?

Sentensi zangu zote, zile nilizozipiga pasi mwaka mmoja na nusu, sikuziona popote.

"Alikuwa anakusikia," nilisema. "Nilimfuta mimi. Nilidhani ni uchafu. Nilitoa sauti zake zote kwenye diski, na sikukwambia, na siku ile ya arobaini nilijua, na sikukwambia."

Hakuuliza nirudie. Aliiweka glasi chini, akasimama, akatoka nje. Kupitia kioo nilimwona akitembea kando ya ziwa lile la kuchimbwa, anakwenda, anageuka, anarudi, mikono nyuma. Msimamizi wangu, kijana wa Kampala, aliuliza kama mteja amekimbia bili. Nilimwambia nitailipa mimi. Fundi alipita mbele ya mlango mara mbili bila kuingia. Mara ya tatu akaingia.

"Mwaka mmoja na nusu."

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ile, ningempigia jioni ile ile. Alikuwa bado anasikia. Miezi mingapi? Sita? Saba? Ningempigia kila siku."

"Ndiyo, sir."

"Usiniite sir!" Alipiga meza. Watu wawili waligeuka. Kwa mara ya kwanza nilielewa muziki ule ulikuwa unatoka wapi ndani yake. Akasema maneno mengi kwa lugha yake, na sikuhitaji tafsiri. Kisha akaketi, akapumua, akanitazama kwa muda kama anayetazama kiigizo cha plasta akitafuta kilipopasuka.

"Ulizisikiliza?"

"Nini?"

"Sauti. Kabla ya kuzitoa."

"Kila moja. Mara thelathini. Nyingine arobaini. Nilihitaji kujua zinapoanzia."

"Unazikumbuka?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilifumba macho, na zilikuwepo. Zilikuwepo zote, kwa mpangilio, pengo kwa pengo.

"Sijui maana yake," nilisema. "Najua sauti tu."

"Kaa."

Nilivua aproni, nikakaa. Alitoa simu, akatafuta albamu, akanipa kisikizi kimoja na kingine akaweka sikioni mwake. Wimbo wa kwanza ukaanza. Gitaa lilipofika kwenye pumziko la kwanza aliusimamisha kwa kidole.

"Hapa?"

"Hapa kikohozi. Viwili. Cha pili kirefu." Nilikohoa kama alivyokohoa.

Akaendelea. "Hapa?"

"Kijiko kwenye glasi. Anakoroga. Kisha anasema *afarin*. Taratibu. *Afarin*."

"Hongera," alitafsiri, akaandika kwenye kitambaa cha karatasi. Hakutabasamu. Wimbo wa pili ulikuwa na pumzi tu, na kitu kilichoburutwa sakafuni, labda kiti. Nilimwigizia kiti. Wa tatu ulikuwa na mlio wa gari kwa mbali, na mtu mwingine, mwanamke, sauti yake iko nyuma. Nilimwambia yote, hata yale ambayo sikuwa na hakika nayo, na nilimwambia pia kwamba sina hakika.

Wimbo wa nne una pumziko refu katikati. Ndilo lililonitesa kuliko yote wakati ule, kwa sababu sauti ilikuwa imeshikana na mkia wa gitaa. Aliusimamisha.

"Hapa kuna maneno," nilisema. "Kwanza ule mlio wa gari unaingia tena, kwa nguvu. Kisha yeye anasema, haraka, kama anamkemea mtu: *daro beband, dare mizane*."

Kalamu ilisimama.

"Sema tena."

"*Daro beband. Dare mizane*."

"Tena. Kama yeye. Usisome, sema kama yeye."

Nilisema kama yeye, na ukali ule, na kushuka kule kwa sauti mwishoni ambako nilikukata kwa asubuhi nzima. Fundi aliweka kiganja juu ya macho. Watu waliingia, wakaagiza, mashine ya kahawa ikafyatua mvuke. Msimamizi aliniita kwa jina na mimi nikainua mkono asubiri.

"Anamwambia dada yangu," alisema hatimaye, kiganja kikiwa bado usoni. "Anasema, funga mlango. Funga mlango, anapiga."

Aliandika. Aliandika kwa herufi zake, kutoka kulia, polepole, akaikausha kalamu kwa ukingo wa kitambaa. Halafu akabonyeza simu, na gitaa likaendelea pale lilipokuwa limeachwa.

"Yalla," alisema bila kunitazama. "Zimebaki tano."